Zimwi Linalojikuna Sikio

"Umenichora mdomo wazi."

"Ulikuwa wazi."

"Dada, mimi sikai mdomo wazi mbele za watu."

"Basi ufunge sasa, nirekebishe."

Maneno hayo yalisemwa ndani ya duka la vyombo vya umeme, siku ambayo bei zilishuka na watu wakapandana. Mzee mmoja aliyeingia kununua pasi alisukumwa, akazungushwa, akatokea mlango wa pili amekumbatia feni asiyoijua. Katikati ya duka waliweka kioo kikubwa cha gemu ili wateja wajaribu bure. Bwana mmoja mnene mwenye tai alikuwa ameshika padi ya kuchezea, anakufa, anafufuka, anakufa tena, na kila akifa anamlaumu mhudumu. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, shati la samawati limepigwa pasi mbele tu, akimtazama bwana yule kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayetema dawa. Na nyuma ya kijana, ameegemea jokofu, alikuwa msichana wa gauni la njano na raba nyeupe zilizomwagikiwa wino, anachora sura za watu kwenye kifuniko cha boksi.

Kijana alikitwaa kile kifuniko, akakitazama kwa makini. Alikuwa yeye mtupu, hadi ile mikunjo ya mgongoni ambako pasi haikufika.

"Unanidhalilisha vizuri," alisema. "Unafanya kazi gani?"

"Nachora kadi za harusi na kalenda za kampuni za saruji. Lakini ninachotaka ni kuchora gemu. Na wewe?"

"Mimi navunja gemu. Wakishazitengeneza wananiletea. Nikikuta ukuta unaopitika, au mlango usiofunguka, au mtu anatembea miguu kaiacha nyuma, naandika, wao wanarekebisha. Kazini wananiita Nyundo."

"Yaani unalipwa kucheza!"

"Nalipwa kufa. Kucheza ni kitu kingine."

Msichana alicheka hadi bwana wa tai akageuka, akafa tena, na safari hii akawalaumu wao. Kabla hawajatoka dukani, Nyundo alishampa jina. Alimwita Kalamu.

Mapenzi yao yalikwenda mbio kuliko uvumi. Asubuhi simu, mchana simu, jioni simu, hadi betri zikawa zinapata homa.

"Kalamu wangu, habari za kazi?"

"Nimechora bwana harusi, wamemrudisha. Wanasema pua nimezidisha. Pua ni yake jamani, mimi nimeikuta. Na wewe umekula?"

"Nimekufa tangu asubuhi. Maiti hali."

"Njoo basi, marehemu wangu."

Tatizo lilikuwa kuingia. Kalamu aliishi kwa dada yake mkubwa, muuguzi, mwanamke aliyetoboa mikono ya watu hadi akazoea kutoboa na mioyo yao. Huyo alikuwa na sheria yake: "Shemeji ni wa pete. Asiye na pete ni mgeni wa ngazi." Basi Nyundo, kila akimfuata mpenzi wake, alikaa kwenye ngazi za lile ghorofa kumsubiri. Alikuwa na mkao wake. Kichwa kinalala upande wa kulia, viganja viko wazi juu ya magoti, kama mtu aliyeombwa kitu naye hana. Majirani walimruka na ndoo zao. Mmoja alimwanikia taulo begani kwa kudhani ni sehemu ya ukuta.

Jioni moja alipiga simu, akasikia milio ya mapanga nyuma ya sauti ya Kalamu.

"Unafanya nini?"

"Nacheza."

"Tena?"

"Saa mbili tu, mpenzi, nikitoka kazini. Nitachora gemu vipi bila kuzicheza?"

"Kwani mchora samaki anaishi majini?"

"Haishi, lakini samaki ameshamwona."

"Sikiliza, mama. Wewe una jicho lako. Ukicheza sana jicho litaanza kunakili, utachora yaliyokwisha kuchorwa. Mimi niko jikoni, najua kinachopikwa. Usicheze hata dakika moja. Hizo saa mbili, chora."

"Hata dakika moja?"

"Ukinipenda."

Ushauri ule uling'aa kama dhahabu, lakini ukiukwaruza kidogo unakuta bati. Ukweli ni kwamba Nyundo alikwisha kuzichukia gemu kama mchinjaji anavyochoka na harufu ya nyama. Alitaka katika jiji zima apatikane mtu mmoja ambaye akikaa naye hasikii habari za mapanga na maadui. Akamchagua mpenzi wake awe mtu huyo, bila kumuuliza yeye mwenyewe alitaka kuwa nani.

Kalamu akatii. Alimletea padi yake nyeupe pale pale ngazini. Kitufe kimoja kilikuwa kimefutika alama, naye alikipaka rangi nyekundu ya kucha ili asikikosee.

"Chukua, ukaninyimie," alisema.

Nyundo akaitia kabatini chini ya masweta, na jioni zote zilizofuata Kalamu akachora, akachora, hadi vidole vikaota sugu.

Ikafika siku aliyoitwa kufanya usaili, na ofisi yenyewe ilikuwa ile ile ya Nyundo, juu ya duka la magodoro. Hakumwambia. Alitaka kumshtua. Alivaa gauni lile la njano la siku ya kwanza, akapaka mdomo rangi, akapanda ngazi anatabasamu peke yake.

Alipokelewa na mkuu wa wachoraji, mama wa nywele fupi nyeupe, miwani inaning'inia kwenye mnyororo, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Mkubwa na kuacha kupumua akipita. Bi Mkubwa alifungua michoro, akairudia mara ya pili. Akaita wachoraji wake, nao wakabanana mezani. Wajaribu, wale wavunja gemu wenzake Nyundo, nao wakasogea kutazama, na Nyundo alikuwa wa mwisho kuingia, kikombe mkononi.

"Mkono huu sijauona siku nyingi," alisema Bi Mkubwa. "Unacheza gemu zipi?"

"Sichezi."

"Husemi kweli."

"Niliacha. Nilishauriwa nisiguse hata dakika moja."

Chumba kizima kikaguna. Bi Mkubwa alivaa miwani ili aone vizuri mtu wa namna hiyo.

"Binti, mchoraji wa gemu acheze saa moja kwa siku. Ukizidisha unakuwa mteja. Ukiacha unakuwa mchora kalenda. Aliyekushauri ni nani?"

Macho ya Kalamu yakakimbilia kwenye kile kikombe. Macho ya Bi Mkubwa yakafuata.

"Nyundo! Mnajuana?"

Sasa, pale ofisini palikuwa na sheria. Mjaribu na mchoraji wasiwe na undugu wala uchumba. Zamani mjaribu mmoja alimfichia shemeji yake makosa, gemu ikatoka ina farasi wanaokimbia kinyumenyume, na wateja wakaja mlangoni na fimbo. Nyundo angekiri, Kalamu angefungiwa mlango siku ile ile. Hilo lilimpitia kichwani kwa kweli, na angeishia kusema "hapana" tu, yangekwisha. Lakini wenzake walikuwa wanamtazama, na ulimi wa mtu aliyezoea kuchekesha watu una njaa yake.

Akajikuna sikio la kushoto. "Huyu? Mimi nitamjulia wapi mtu anayetaka kupika na hajawahi kula? Labda amekosea njia, Bi Mkubwa. Magodoro yanauzwa chini."

Watu walicheka. Walicheka hadi mmoja akashikilia pazia na pazia likaja naye. Kalamu hakulia. Aliangalia lile sikio, akaangalia kile kidole, akakunja michoro yake polepole.

"Nyamazeni," alisema Bi Mkubwa. "Binti, nakupa jaribio. Nichoree zimwi la mlango wa mwisho. Litembee, lipige, life, na liwe na mkao wa kupumzika. Na kabla halijapiga litoe ishara, mchezaji ajue pigo linakuja. Likinipendeza, kiti ni chako."

Nyundo hakungoja hata Kalamu afike chini kwenye magodoro, akampigia simu.

"Kalamu, mpenzi, usikate! Kuna sheria hapa. Ningesema tunajuana, wangekufukuza."

"Sheria ilikuambia usinijue. Je, kile kichekesho ulitumwa na nani?"

"Kilinitoka tu."

"Kilikutoka kimevaa na kimechana nywele. Na ule ushauri? 'Usicheze hata dakika moja.' Ulinipa kwa faida ya nani?"

"Kwa faida yako, mama. Haki ya nani vile."

"Unajikuna sikio. Nasikia kucha."

Kweli alikuwa anajikuna. Akashusha mkono, lakini simu ilishakatwa, na kuanzia hapo kila akipiga alipokelewa na dada mkubwa: "Namba hii ni ya wagonjwa. Wewe unaumwa nini?"

Kalamu alichora zimwi lake kwa hasira safi, ile isiyotoa moshi. Lilikuwa refu kama mnara wa simu, ngozi ya jiwe bichi, pembe za kukwaruza mawingu. Lakini uso! Uso ulikuwa wa Nyundo, mdomo wazi kidogo. Deraya yake ya chuma iling'aa mbele tu, mgongoni ilikuwa kutu na mikunjo. Na kila lilipotaka kupiga, lilijikuna kwanza sikio la kushoto.

Bi Mkubwa alitazama zimwi, akamtazama Nyundo kupitia kioo cha ofisi, akatazama tena zimwi. Alilituma zimwi kwa wajaribu, na juu ya kazi akaandika jina la Nyundo.

Hapo ndipo mwanamume alipouona ulimwengu. Asubuhi anafika, anawasha mashine, anaanza kujipiga panga la uso. Alitakiwa kujiua kwa moto, kujiua kwa mishale, kujitupa darajani, kisha kuandika kama amekufa vizuri. Wenzake wakaleta viti.

"Nyundo, huyo kaka yako amekuzidi urembo!"

"Jamani mwacheni, yuko msibani."

"Nyundo, leo umejiua mara ngapi? Acha tukusaidie, na sisi tuna hamu."

Alicheka nao siku ya kwanza. Siku zilizofuata alitabasamu. Mwisho akawa anapiga kimya, meno yameumana, na ule uso wake wa mawe unamtazama bila kinyongo.

Siku moja wenzake walikwenda kula wakamwacha. Alichoka. Badala ya kupiga, akabonyeza kitufe cha kuweka silaha chini, basi tu, kama mtu anayetua mzigo. Zimwi likaja mbio, likasimama mbele yake, likasita. Halikujikuna sikio. Likashuka taratibu, likaketi kwenye ngazi za lango, kichwa kikalala kulia, viganja vikafunguka juu ya magoti.

Nyundo aliishika meza. Ulikuwa mkao wake wa ngazini, haukukosa hata kidole. Alijaribu tena, na tena. Ukija na silaha linakupiga. Ukiweka silaha chini, linakungoja.

"Amenisamehe," alinong'ona. "Kalamu wangu amenisamehe, na ameniambia mahali ambapo ni mimi tu ningepaona."

Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kuandika hitilafu. Kazi yake yote, heshima yake yote, ilikuwa katika nafasi ile. Akaandika: Hakuna hitilafu.

Jioni alikuwa ngazini, shati limepigwa pasi mbele na nyuma, pete mfukoni. Kalamu alitoka na khanga begani, vidole vina rangi, na nyuma yake mlango ukabaki na upenyo wa kutosha sikio la muuguzi.

"Nimeupata ujumbe wako," Nyundo alisema, akapiga goti.

"Ujumbe gani? Inuka, watu wanapita na ndoo."

"Siinuki. Ukiweka silaha chini halipigi. Linakaa vile ninavyokaa mimi hapa nikikungoja. Kalamu, nilikosa, nilikukana, nimejipiga mwenyewe hadi mikono imeniuma. Na wewe ukaniwekea mlango. Nioe... naomba nikuoe."

Rangi ya uso ilimbadilika Kalamu, naye Nyundo akadhani ni mapenzi.

"Halipigi? Kabisa?"

"Kabisa, mpenzi."

"Nyundo, hilo ni kosa."

"Kosa langu, nimekubali."

"Hilo ni kosa la kazi! Mimi nililichorea mapigo ya kumkabili mtu mwenye silaha. Asiye na silaha sikumchorea kitu. Likikosa la kufanya linarudi kwenye mkao wa kupumzika, basi. Nani mwenye akili anakwenda mbele ya zimwi anatupa panga?"

"Kila mtu, Kalamu," alisema Nyundo, na sauti yake ikaanza kupungua. "Watu wakicheza wanafanya kila upuuzi. Wanakaa, wanacheza ngoma, wanalipiga zimwi busu. Aliyecheza hata wiki moja anajua hilo."

"Mimi ningejuaje?" aliuliza Kalamu taratibu. "Nilikatazwa."

Ndoo moja ikapita. Nyundo akaisubiri ipite.

"Umeliandika?" Kalamu aliuliza.

"Niliandika hakuna hitilafu. Nilidhani umenisamehe."

"Nilikuchora upigwe, Nyundo. Nilikuchora upigwe na watu nisiowajua, nchi nisizozijua, watoto wao na wajukuu wao. Na wewe umekaa juu ya shimo la kazi yangu, umelifunika na pete."

"Na ule mkao je?" Alikuwa bado amepiga goti. "Kichwa kulia, viganja wazi. Ule nao uliuchora upigwe?"

Kalamu aliangalia rangi iliyokauka kwenye vidole vyake.

"Mkono huchora ulichozoea," alisema. "Mkono hauna akili."

Akaingia ndani. Kupitia upenyo sauti ya dada mkubwa ikatoka, safi kama sindano mpya: "Mgeni wa ngazi, zishuke."

Kesho yake Kalamu alichana nywele, akavaa lile gauni la njano, akaenda kwa Bi Mkubwa kusema zimwi lake lina kosa. Alijua mjaribu anayeficha kosa anafanywa nini? Tusidanganyane. Alijua. Alijua wakati anachana nywele.

Bi Mkubwa alishika padi mwenyewe. Akaenda hadi langoni, akaweka silaha chini, zimwi likaketi. Mama yule wa miwani ya mnyororo alikaa mbele ya kile kioo hadi chai yake ikapoa, ikafanya utando.

"Ni kosa," alisema mwishowe. "Liacheni hivyo hivyo."

Kabla ya saa ya chakula Kalamu alipewa kiti, na Nyundo akapewa boksi la kubebea vitu vyake. Kosa lilibaki kazini. Aliyelificha akafukuzwa.

Gemu ilitoka, ikaenea kama moto wa nyasi. Wachezaji waliligundua lile jambo siku ya kwanza, maana watu ni wale wale, wanatupa panga wacheze ngoma. Ikawa desturi. Wapenzi waliogombana wanapeana ahadi wakutane kwa zimwi, wanaweka silaha chini, wanapatana. Mwingine aliposa pale pale, akakubaliwa mbele ya shahidi mwenye pembe. Uso wa Nyundo ukaunganisha nyumba ambazo hata sheria ilikwisha kuzitenga.

Nyundo mwenyewe alipata kazi kwenye ukumbi wa gemu, chumba kirefu cha mashine na viti vilivyopasuka. Kazi yake ilikuwa kuwawashia watu, na muda wao ukifika, kuwaambia. Wateja walimtazama, wakatazama kioo.

"Kaka, samahani, wewe siye...?"

"Siye," anajibu, na anajikuna sikio, na ukumbi mzima unapiga kelele.

Alasiri moja mlango ulifunguka, akaingia Kalamu. Suti ya kijivu, viatu vya kisigino, hakuna doa la wino popote.

"Niwashie saa moja," alisema.

"Kazini hakuna mashine?"

"Zipo."

Moyo wa Nyundo ukaruka kama chura. Alikwenda kwenye sanduku lake chini ya meza, akatoa padi nyeupe yenye kitufe chekundu, akamwekea mkononi. Kalamu akakigusa kile kitufe kwa kidole gumba.

"Hukuitupa."

"Uliniambia nikunyimie. Hukusema niitupe."

Akacheza. Alicheza vizuri, mtu wa saa moja kila siku. Akafika langoni, akaweka silaha chini. Zimwi likaketi. Naye akamketisha mtu wake ngazi moja chini yake, na wakakaa hivyo, wawili ndani ya kioo na wawili nje.

"Dada mkubwa hajambo?" Nyundo aliuliza.

"Anakuulizia."

"Anasemaje?"

"'Yule mgeni wa ngazi bado yuko hai?'"

Wakacheka, wote wawili pamoja, kile kicheko cha siku ya duka. Nyundo akavuta kiti, akakaa karibu. Mashine zililia huku na huku, watu walikufa na kufufuka, na pale kwenye kona hakuna aliyempiga mtu. Saa ikaenda yote namna hiyo, hadi kengele ya ukumbi ikalia.

"Saa yako imekwisha," alisema Nyundo. Kisha, kwa sauti isiyokuwa ya kazi: "Nikuongezee?"

Kalamu aligeuka akamtazama. Alikuwa amekaa kichwa kimelala kulia, viganja wazi juu ya magoti. Alimtazama muda mrefu, na macho yakamlowa kidogo, tuseme kweli. Halafu akarudi kwenye kioo, akabonyeza kitufe chekundu, akaokota panga, akapiga.

Zimwi lile likiwa limesimama, hata jeshi linatoka jasho. Likiwa limeketi, linakufa kwa pigo moja. Hilo nalo lilikuwa kosa. Nyundo alilijua tangu siku ile alipoliona likiketi na hakuliandika popote.

"Usiniongezee," alisema Kalamu.

Akasimama, akanyoosha suti yake, akaondoka. Padi alikwenda nayo. Ilikuwa yake.